Mpiga solo akinuna, msimjadili kwenye grupu

Bendi yetu ni ya wikendi tu, watu sita, kila mmoja na kazi yake. Mwaka jana mpiga gitaa la solo na mwimbaji walizinguana kwa sababu ya sauti: huyu anapandisha ampi (spika ya gitaa), yule naye maiki, mwisho hasikiki mtu. Tukalipeleka kwenye grupu la WhatsApp, moto ukazidi. Solo akaondoka siku nne kabla ya harusi, na advansi tulishaila.

Sasa wenye ugomvi wanakaa na mpiga besi wetu (wapiga besi wana subira, sijui kwa nini) kabla ya mazoezi. Baada ya mazoezi kila mtu ana njaa. Pia kila wimbo tunaurekodi kwa simu, tunataja kii (sauti ya msingi ya wimbo) na mahali sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kuchezea, linapoingia, ili mgeni apate pa kuanzia. Na andikeni mapema ampi ni ya nani.

Wanamuziki wa bendi ya Simba Wanyika walipogawanyika Nairobi mwaka 1978, waliotoka waliunda Les Wanyika, na bendi zote mbili ziliendelea kupiga. Kwa hiyo anayetaka kuondoka msimbembeleze wiki tatu. Muulizeni tu onyesho lake la mwisho ni lipi.