Viazi vitamu vya asali kwa moto wa juu na chini (vya kuliwa na pilau ya Idi)

Asalam alaykum wapendwa, na nyie wa Krismasi msiondoke, hii inawahusu pia. Miaka hii Idi kubwa inatuangukia mwezi wa tano au wa sita, hapa Tabora ndo viazi vinatoka shamba na asali mpya inaanza kurinwa kule Sikonge, sasa keki ya dukani ya nini.

Tafuta viazi lishe kilo 2, vile vya rangi ya chungwa ndani, saizi moja. Visiwe vya kuchimbwa leo, vikae hata wiki kivulini utamu unaongezeka. Asali nusu kikombe, machungwa 2, siagi vijiko 3 vikubwa, iliki 6 za kutwanga, mdalasini, chumvi kiduchu.

1. Osha usimenye, bandika kwenye maji ya baridi moto mdogo, maana kiazi kikipata joto polepole ndo wanga unageuka sukari. Kisu kikianza kuingia kwa kugoma, epua.

2. Menya, kata slaisi za unene wa kidole, panga kwenye sufuria nzito uliyopaka siagi.

3. Kamua machungwa, changanya na siagi iliyobaki, viungo, chumvi na NUSU ya asali, mwagia. Nusu jamani! Mwaka juzi nilimwaga yote, asali inaungua upesi kuliko sukari, chini ikawa lami kabisa, mawifi wakala pilau yao kimya kimya na mimi sufuria nikaisugua na mchanga siku mbili.

4. Chini mkaa wa kuhesabu, vipande vitano sita tu, juu ya mfuniko ndo ujaze mkaa uliokolea. Nusu saa. Wenye oveni 180, dakika 40.

5. Funua, mchuzi utakuwa unatoa mapovu mazito madogo madogo, chota uvimwagie vya juu, malizia asali, rudisha mfuniko dakika 10 moto wa juu peke yake. Kingo zikiwa kahawia na zinanata kwenye kijiko, tayari.

MASWALI

– Dada, nina michembe (viazi vya kukatwa na kukaushwa) ya mwaka jana, inafaa?
– Hapana shoga, ile ilikaushwa mbichi itakunywa mchuzi wote. Ipike na karanga.

– Viazi vyeupe je?
– Vinafaa ila vikavu, ongeza chungwa moja.

– Mwanangu ana miezi nane, nimpondee?
– Vya asali usimpe mpaka atimize mwaka, hata kama imepikwa. Mtolee vyake hatua ya 2, uvichemshe mpaka viive vizuri.

– Vyangu vimekuwa uji 😭
– Uliviivisha kwenye kuchemsha. Vile kula tu na kijiko mdogo wangu, si unajua mwenyewe.

– Mfuniko wangu wa kioo, naweka tu mkaa?
– Weee! Utapasuka huo. Azima wa bati kwa jirani, na ukiurudisha uende na kisahani.