Jinsi ya kujiandaa kwa mitindo ya vitara ya nchi nyingine ukiwa Dodoma

Mchezaji wa vitara, mchezo wa kupigana kwa panga nyembamba, anayetoka Dodoma kwenda mashindano ya kimataifa hukutana na mikono iliyofundishwa kwa namna asiyoizoea. Tiba yake si lazima iwe safari ya Paris. Mwenzako wa mazoezi anaweza kuigiza mtindo wowote, ilimradi umpe masharti mawili matatu na ayashike bila kuyavunja. Tutatumia zaidi epee, silaha ambayo mwili mzima ni shabaha na refa haulizi nani alianza kushambulia.

Kwanza kiwanja. Pima urefu wa mita 14 na upana wa mita 1.5 hadi 2, chora mstari wa katikati, kisha mstari wa kuanzia mita 2 kila upande. Kiangazi vumbi laini hupenya ukumbini hata madirisha yakifungwa, na mguu wa nyuma huteleza palepale unapousukuma ili kuchupa. Piga deki kwa tambara lililokamuliwa vizuri, usubiri pakauke kabisa, na kila mtu afute soli za viatu. Kofia ya wavu na koti huvaliwa hata kwenye zoezi la polepole.

Anza na mtindo ambao wengi huuhusisha na Ufaransa, kwa sababu ndio unaowatesa wageni kuliko yote. Mpini wa Kifaransa umenyooka, na kwenye epee wengi huushika mwishoni kabisa ili waongeze sentimita kadhaa za urefu. Masharti ya mwigizaji: asikubali panga zigusane, ncha yake ikae chini ya mkono wako, na ashambulie mkono tu.

Kosa la kila anayeanza ni kuufukuza upanga huo. Ukiufukuza, mkono wako unatoka nje ya kombe la mpini, yaani bakuli la chuma linaloukinga, naye anauchoma. Kumbuka kwamba aliyeshika mwishoni amepata urefu lakini amepoteza nguvu ya kuhimili pigo linalotua ubavuni mwa upanga wake. Piga hatua fupi mbele, ugonge theluthi ya mbele ya upanga wake kwa theluthi ya kati ya upanga wako, halafu nyoosha mkono moja kwa moja kwenye kifundo chake. Sikiliza mlio. Ukiwa mfupi na mkavu, umegonga. Ukisikia mkwaruzo, umesukuma, na hapo mkono wako umeshapotea njia. Nguvu hutoka kwenye vidole vitatu vya mwisho, vinavyokaza ghafla na kulegea. Aliyezoea fimbo ya kuchungia hukamata mpini kwa ngumi nzima. Mwambie aushike kama anavyoshika zabibu mbivu asiyotaka kuipasua.

Fanya seti 4 za mara 10, mkipumzika dakika 1 kila seti. Kwenye seti ya mwisho mwigizaji akwepe pigo mara moja moja kwa kushusha ncha. Pigo likikosa, baki ulipo. Usilirudie.

Mtindo wa Kiitaliano ni kinyume chake: unautafuta upanga wako, unaubana, ndipo unaingia. Mwigizaji apewe sharti moja tu, kwamba asishambulie kabla ya kugusa upanga wako. Jibu ni kumnyima. Anapoufuata, zungusha ncha chini ya kombe lake, duara dogo la vidole bila kiwiko kucheza, kisha nyoosha.

Wahungari walitamba kwa saberi, silaha inayogusa kwa makali na kwa ncha; dhahabu ya mtu mmoja mmoja ya Olimpiki haikuwatoka tangu 1924 hadi 1964. Lakini mwalimu aliyewajenga, Italo Santelli, alikuwa Mwitaliano aliyehamia Budapest mwaka 1896. Kwa hiyo usiamini bendera mgongoni, amini unachokiona mkononi. Kumwigiza mtu anayependa kukinga kwanza ndipo ajibu, mwenzako arudi hatua mbili, akinge, ajibu. Wewe shambulia nusu tu, umchochee ajibu, kinga jibu lake, ndipo uchome.

Korea ni miguu. Timu yao ya wanaume ya saberi ilichukua dhahabu London 2012, Tokyo 2020 na Paris 2024. Mwigizaji apige hatua fupi mfululizo kwa sekunde 40, abadili kasi ghafla mara mbili, nawe ulinde umbali uleule bila kutumia upanga. Rudieni mara 6. Oktoba, jua linapochoma, mmalize zoezi hili kabla ya saa 3 asubuhi.

Kwenye mashindano ya Afrika, Misri na Tunisia ndio kipimo: Mohamed Elsayed alipata shaba ya epee Paris 2024, na Farès Ferjani fedha ya saberi. Msitafute mtindo mmoja wa kuwaigiza. Jifunzeni kumsoma mtu mapema, maana pambano la hatua ya makundi ni dakika 3 au miguso 5. Tishia mara mbili bila nia ya kufika, uangalie: anautafuta upanga, anarudi nyuma, au ananyoosha mkono? Hapo ndipo uchague jibu. Ukiongoza 4 kwa 3, usihangaike kutafuta mguso safi. Kwenye epee mkigusana ndani ya sehemu 1 ya 25 ya sekunde, taa zote mbili zinawaka, kila mmoja anapata alama, nawe umeshinda 5 kwa 4.

Badilishaneni uigizaji kila baada ya wiki mbili.