Jinsi ya kuutunza mti mkubwa uliobaki uani baada ya msitu kukatwa

Mtaa mpya ukianza kujengwa msituni, miti mingi huondoka siku za mwanzo. Iliyobaki ndiyo inayonipa kazi. Mwenye nyumba hunipigia mwaka wa tatu, wa nne, hata wa saba baada ya kuhamia: "Fundi, mti wangu unakauka kileleni, nipulize dawa gani?" Nikifika, kileleni natupia jicho tu. Napiga magoti kwenye shina na kuanza kufukua, maana mara nyingi mti huo uliuawa siku ya ujenzi, na kifo kimechukua miaka yote hiyo kupanda hadi juu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chini. Msumeno utakuja baadaye.

Hatua ya 1: Tafuta kitako cha shina

Mti mzima hutanuka pale unapoingia ardhini, na mizizi mikubwa huonekana ikitawanyika. Ukiona shina limezama wima kama nguzo iliyochimbiwa, jua limefukiwa. Mara nyingi ni udongo uliochimbwa kwenye msingi ukasambazwa uani ili kusawazisha.

Chukua mwiko mdogo ufukue taratibu, sehemu ya mwisho kwa vidole, hadi uone shina linaanza kutanuka. Gome lililokaa muda mrefu chini ya udongo huwa jeusi, laini, lenye unyevu, na wakati mwingine linanuka uvundo. Likwaruze kidogo kwa ukucha. Ukikuta utando mbichi wa kijani au mweupe, hapo pako hai. Ukikuta kahawia na ukavu, pamekufa. Ondoa udongo wa ziada, uhakikishe maji ya mvua hayatuami kwenye shimo ulilobakiza. Ukikuta mzizi umelizunguka shina na kulikaba, usiukate kwa pupa. Mwembamba unaweza kuukata. Mnene mwachie mtaalamu, kwa sababu huenda mti umeshauegemea.

Hatua ya 2: Pima eneo la mizizi na uliwekee uzio

Kama hujajenga bado, au unataka kuongeza chumba, hii ndiyo hatua itakayoamua kama mti utaishi. Watu wengi hudhani mizizi imeshuka chini kama shina lilivyopanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya sentimita 60 za juu, na ile midogo inayonyonya maji iko juu zaidi ya hapo. Kwa upana, huenda mbali kuliko kivuli cha matawi.

Zungushia shina futi kamba kwenye kimo cha mita 1.4 kutoka ardhini. Gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 12. Mti wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50, hivyo uzio wake usimame mita 6 kutoka kwenye shina, kila upande. Usimamishe kabla lori la kwanza halijaingia. Utepe wa plastiki hautoshi, maana mafundi wataupita mchana wa siku ya kwanza. Weka nguzo na wavu.

Ndani ya uzio hakuna kumwaga mchanga, hakuna kupanga matofali, hakuna kuegesha gari, na hakuna kuoshea vyombo vya zege, kwa kuwa maji ya saruji huharibu udongo. Adui mkubwa kuliko wote ni uzito. Udongo mbichi ukipitiwa na lori mara chache tu hushindiliwa hadi hewa inakosa njia, na mzizi usiopata hewa hufa kimyakimya. Mtaro wa bomba nao ni hatari kuliko unavyoonekana: ukipita karibu na shina unaweza kukata karibu nusu ya mizizi kwa asubuhi moja, huku majani yakibaki ya kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwambie fundi bomba azunguke, au apitishe bomba chini ya mizizi kwa kutoboa.

Kama nyumba imeshasimama, huwezi kurudisha mizizi iliyokatwa. Unachoweza ni kuipunguzia iliyobaki shida, na hapo ndipo hatua inayofuata inapofaa.

Hatua ya 3: Tandaza

Weka vipande vya mbao au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa upana wote unaoweza kuuvumilia uani. Acha wazi kiganja kizima kuzunguka shina. Usilundike matandazo kama kichuguu, gome litaoza. Kiangazi kikiwa kikali, mwagilia polepole kwa muda mrefu, mara chache, mbali na shina.

Hatua ya 4: Usome mti

Mti uliokulia msituni ni mwembamba na mrefu, matawi yote yako juu, na maisha yake yote umekingwa upepo na majirani. Sasa majirani hawapo. Ndiyo maana uukague kila baada ya dhoruba.

Tafuta uyoga kwenye kitako, nyufa za wima, matawi makavu yaliyoning'inia, na panda ambamo mashina mawili yamebanana huku gome limejikunja katikati yake. Panda ya namna hiyo haijashikana kama inavyoonekana. Mti ulioinama tangu zamani, kilele chake kikiwa kimejirudisha wima, kwa kawaida haunitishi. Ulioanza kuinama wiki hii, na udongo wa upande wa pili umeinuka au kupasuka, waondoe watu karibu nao siku hiyohiyo, kisha uite msaada.

Hatua ya 5: Kata tawi kwa mikato mitatu

Kwanza kata kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Pili kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, upande wa ncha ya tawi. Tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Kisha angalia kisiki. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe uliokunjamana, kama shingo ya shati. Mkato wa tatu upite nje tu ya shingo hiyo. Usiikate, na usiache kisiki.

Usipake rangi wala lami. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno, akaonyesha kuwa mti hauponi kama ngozi yetu: hujenga ukuta ndani na kulifungia jeraha humo. Shingo ya tawi ndiyo sehemu ya ukuta huo.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee au uliojeruhiwa mizizi, kata kidogo zaidi. Kamwe usiukate kichwa mti ili "usianguke". Matawi yatakayochipua hapo hushikilia juujuu tu, huku shina likioza chini yake.

Fanya haya ukiwa umesimama chini na msumeno wa mkono. Ngazi na msumeno wa mnyororo havipatani. Tawi likiwa karibu na waya za umeme, usiliguse. Waite wenye waya.

Hatua ya 6: Mchague fundi wa kupogoa

Muulize bima, na akuandikie ni matawi yapi atayaondoa na kwa nini. Akija kupogoa mti hai akiwa amevaa viatu vya misumari, mrudishe. Kila hatua yake ni tundu kwenye gome. Akishauri kuukata mti kabla hajaangalia kitako chake, tafuta mwingine.

Piga picha ya mti kila mwaka, mwezi uleule, ukisimama palepale. Kilele kinachopungua majani huwezi kukigundua kwa kukitazama kila siku. Mimi nikija, hizo picha ndizo nitakazoziomba kwanza.