Kabla ya kumwandikia msimamizi, tengeneza jeli: mwongozo kwa anayeomba uzamivu wa haidrojeli zinazooza

Maombi ya ufadhili wa uzamivu kuhusu haidrojeli, yaani jeli zinazonyonya na kushika maji mengi, hufanana kama mapacha. Huanza kwa kusema kwamba poliakrileti, jeli ya plastiki inayowekwa shambani ili kushika maji haiozi kirahisi, kisha huahidi jeli "ya asili". Anayeyasoma hana pa kushika. Dawa yake ni wiki chache za maabara, kemikali tatu za bei nafuu, na grafu moja yenye namba zako mwenyewe. Mchanganyiko unaofaa kuanzia ni CMC na HEC (selulosi za mimea zilizobadilishwa kikemia) pamoja na asidi ya sitriki inayounganisha minyororo yake: hauhitaji epiklorohidrini wala kiunganishi kingine chenye sumu, na vifaa vyake (mizani inayosoma miligramu, oveni, kikorogeo cha sumaku) hupatikana katika maabara nyingi za kemia za vyuo.

Hatua ya 1: Manunuzi

Nunua CMC, yaani kaboksimethili selulosi ya sodiamu, ya daraja la chakula (E466). Ile ya viwandani, ya kutia kwenye sabuni au kwenye tope la kuchimbia visima, hubaki na chumvi nyingi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa jeli hii. HEC, yaani hidroksiethili selulosi, waulize wauzaji wa malighafi za rangi na shampuu. Kwenye kopo la asidi ya sitriki soma kama ni kavu kabisa au ina maji ndani ya fuwele. Uzito wa moli ni gramu 192 kwa ya kwanza na 210 kwa ya pili. Ukitumia moja ukidhani ni nyingine, umekosea kwa karibu asilimia 9 kabla hujawasha oveni.

HEC isiachwe hata kama CMC ndiyo inayonyonya maji. Minyororo ya CMC ina chaji hasi na husukumana, hivyo asidi huelekea kujifunga ndani ya mnyororo uleule badala ya kuunganisha miwili. HEC haina chaji, na ndiyo inayoleta minyororo karibu.

Hatua ya 2: Kuyeyusha

Kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa, weka gramu 0.5 za HEC na gramu 1.5 za CMC. Anza na HEC, koroga mpaka maji yawe angavu, ndipo unyunyize CMC kidogo kidogo kwenye kizingia cha maji yanayokorogwa. Ukiimwaga yote kwa mkupuo utapata mabonge makavu katikati yaliyofunikwa na ute, na hayo hayayeyuki hata ukoroge kutwa nzima. Koroga polepole kwa saa 24.

Kisha gawa katika makundi kwa kiasi cha asidi. Kwa gramu 2 za polima (CMC na HEC kwa pamoja), asilimia 2.5 ni miligramu 50, asilimia 3.75 ni miligramu 75, asilimia 5 ni miligramu 100, na asilimia 10 ni miligramu 200. Tengeneza na kundi lisilo na asidi kabisa, hata kama unajua litayeyuka majini. Kuyeyuka kwake ndiko kunakothibitisha kwamba kilichoshikilia makundi mengine ni asidi. Acha ute usiku kucha ili mapovu yatoke.

Hatua ya 3: Kukausha kwanza, kupika baadaye

Hapa ndipo wengi huharibu. Mimina kwenye sahani za petri, kausha kwa nyuzi 30 hadi 40 kwa siku moja au mbili mpaka upate utando unaobanduka. Baada ya hapo ndipo upandishe oveni hadi nyuzi 80 kwa saa 24. Ukiharakisha kwa kuweka ute mbichi kwenye nyuzi 80, hutapata jeli ya kueleweka: asidi hujifunga kwenye selulosi kwa kutoa maji, na palipojaa maji mmenyuko huo hauendi mbele. Kingo za sahani zitakauka na kuunganika mapema, katikati itabaki ute.

Ukipandisha joto sana, utando huwa kahawia na viunganishi huzidi. Jeli ikifungwa mno haitanuki. Utando unaopendeza macho kwa ugumu wake mara nyingi ndio unaonyonya maji kidogo kuliko yote.

Hatua ya 4: Kuosha

Pima uzito wa utando mkavu, uloweke kwenye maji yaliyokenekwa kwa saa 24, badilisha maji mara tatu, kausha tena kwa nyuzi 45 mpaka uzito usibadilike. Uzito wa baada ukigawanywa kwa uzito wa kabla, mara 100, ndiyo asilimia ya jeli. Iliyobaki ni polima iliyooshwa kwa sababu haikuunganika. Ikiwa asilimia hiyo ni ndogo, usiende kwenye vipimo vingine. Rudi kwenye oveni.

Kama chuo kina mashine ya infraredi (FTIR), utatafuta esta, yaani kiungo kati ya asidi na selulosi, karibu na mawimbi 1,720 hadi 1,740 kwa sentimita. Jihadhari: asidi ya sitriki isiyoosheka huonekana hapo jirani, na hata vikundi vya asidi vya CMC yenyewe vikipata protoni huonekana hapo. Kwa hiyo osha kipande kwa muda mfupi kwenye sodiamu baikaboneti ya 0.1 M, suuza, kausha, ndipo upime. Vikundi vya asidi vitahamia karibu na 1,600, na kilichobaki juu ni esta. Mkaguzi anayejua kemia hii huuliza swali hilo mapema.

Hatua ya 5: Kupima unyonyaji

Saga utando, chekecha upate punje za milimita 0.1 hadi 1. Weka gramu 0.2 kwenye kifuko cha wavu wa nailoni, zamisha, toa, ning'iniza dakika 10 maji yachuruzike, pima. Fanya hivyo na kifuko kitupu pia. Kwa mfano: kifuko kitupu kilicholowa ni gramu 1.1, chenye jeli ni gramu 11.3. Jeli iliyolowa ni 10.2, toa 0.2 ya ukavu, gawa kwa 0.2, jibu ni gramu 50 za maji kwa gramu ya jeli.

Pima baada ya dakika 5, 10, 30, 60, saa 3 na saa 24, vifuko vitatu kwa kila kundi. Rudia kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kwenye maji ya kisima au bomba la eneo lako. Namba zitashuka sana, usishtuke. Chumvi huzima msukumano wa chaji, na kalsiamu ya maji magumu hufunga vikundi viwili vya CMC kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba maombi mengi huonyesha namba ya maji yaliyokenekwa pekee, wakati shamba halimwagiliwi hayo.

Hatua ya 6: Udongo

Gramu 2.5 za jeli kwa gramu 500 za udongo wa kichanga, vyungu vitano. Vyungu vitano vingine bila jeli, na vitano vyenye mboji. Mwagilia mpaka maji yaanze kutoka chini, pima uzito wa kila chungu kila siku saa ileile. Watu huruka chungu cha mboji kwa sababu huenda mboji ikashinda. Ndiyo sababu kiwepo.

Kuhusu kuoza, kufukia kifuko na kupima uzito uliopungua hakutoshi: vipande hupenya wavu, udongo hung'ang'ania. Kwenye pendekezo andika kwamba utapima kaboni dioksidi inayotoka, kwa njia ya ISO 17556.

Hatua ya 7: Kutoa swali kwenye daftari la maabara

Angalia hesabu hii. Ili kupata gramu 2 za polima umekausha takriban gramu 100 za maji, yaani kilo 50 kwa kila kilo ya jeli. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hula takriban megajuli 2.3, hivyo ni zaidi ya megajuli 110 kwa kilo ya jeli, kabla ya kuhesabu oveni inayopoteza joto. Kuiita "rafiki kwa mazingira" kwa sababu tu imetoka kwenye mmea ni kujidanganya. Je, ute wenye asilimia 10 ya polima, ambao una maji machache ya kukausha, unaweza kuunganishwa bila mabonge? Je, nyuzi 30 hadi 40 za kukausha zinaweza kutoka juani, oveni ikabaki kwa nyuzi 80 tu? Hayo ni maswali ya uzamivu.

Selulosi ya mabaki ya mkonge wa Tanga ni swali lingine zuri, ila kuigeuza kuwa CMC kunahitaji asidi ya monokloroasetiki, sumu inayopenya ngozi. Iache kwenye pendekezo, usiijaribu bila chemba ya kufyonza hewa na msimamizi.

Hatua ya 8: Barua na fedha

Barua kwa msimamizi iwe fupi: grafu ya unyonyaji, sentensi moja ya hesabu ya nishati, swali, na jina la makala yake uliyoisoma kweli.

Uingereza, nafasi za UKRI (shirika la umma linalofadhili utafiti) ziko wazi kwa wanafunzi wa nchi zote tangu mwaka wa masomo 2021/22, ila kwa wa kimataifa kuna kikomo. Nafasi zinazolipiwa na chuo chenyewe ni tofauti: soma kama zinalipa ada ya kimataifa au ya wenyeji tu, kwa sababu pengo hilo linaweza kuwa pauni elfu nyingi kwa mwaka. Jumuiya ya Madola ina udhamini wa uzamivu kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Mitandao ya uzamivu ya Marie Curie barani Ulaya hukataa aliyeishi kwenye nchi husika zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyesomea uzamili hukohuko ahesabu tarehe zake kwanza.

Ukipata nafasi Uingereza, utafiti wa sayansi ya vifaa kwa raia wa Afrika Mashariki kwa kawaida huhitaji cheti cha ATAS, kibali cha usalama cha serikali kwa tafiti nyeti, kabla ya viza. Hakina ada, lakini huchukua wiki kadhaa, na maelezo ya utafiti unayoyajaza lazima yalingane na yale yaliyo kwenye barua ya chuo. Waombe wakutumie maelezo hayo kwa maandishi siku ileile unapokubali nafasi.