Somo: Siku yako ya kwanza ya sindano za Kichina

Hapa Lamu wengi washapigwa chuku, yaani kuumikwa, na wakisikia sindano za Kichina, ile tiba ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini, hudhani ni yale yale. Sivyo. Chuku hutoa damu. Huku likitoka tone ni bahati tu. Wala sindano haina dawa: ni uzi wa chuma usio na tundu, unene wa milimita 0.25 hivi.

1. Kula saa moja au mbili kabla. Si biriani ya arusini, mahamri mawili na chai yatosha. Anayezirai mara nyingi ni aliyekuja na njaa, akatembea juani, akachomwa akiwa ameketi. Mara ya kwanza omba ulale.

2. Vaa kikoi au dera pana. Hata kinachouma kikiwa kichwa, sindano nyingi huenda chini ya goti na chini ya kiwiko.

3. Taja mimba hata ikiwa changa, dawa za kuzuia damu kuganda, na kifaa cha moyo, maana baadhi ya sindano huunganishwa na umeme mdogo.

4. Pakiti ifunguliwe mbele yako. Sindano hutumika mara moja, ikatupwa kwenye kasha gumu. Ukiona tabibu anaichovya kwenye kibakuli cha spiriti aitumie tena, vaa viatu uende zako: homa ya ini B huenea hivyo.

5. Kijirija cha plastiki husimamishwa juu ya ngozi, sindano ikagongwa kwa kidole: tap! Ni kama mbu. Kisha huzungushwa, na hapo huja uzito au maumivu ya mbali, kama jino linaloanza kuuma. Hayo ndiyo yanayotafutwa. Wachina huyaita de qi. Ukisikia umeme umeshuka hadi vidoleni, sema papo hapo, imegusa neva. Zitakaa dakika 20 hadi 30. Usijitingishe: msuli hukaza, sindano ikapinda, na kuitoa ni kazi.

6. Zikitoka, keti kwanza. Ngazi za nyumba zetu mwazijua. Alama ya buluu hupona yenyewe, lakini ukichomwa begani au kifuani kisha pumzi ikabana, kimbilia hospitali: pafu huenda limetobolewa. Ni nadra, ila halingoji kesho.

Maswali

*Assalaam alaykum. Nafunga Alhamisi, niende?*
Waalaykum salaam, mama. La saumu muulize shehe. La mwili: panga miadi siku nyingine, au usiku baada ya kufuturu.

*Mara ngapi, kaka?*
Kwa maumivu sugu ya mgongo au goti, kwa kawaida mara 6 hadi 10, moja kwa wiki. Ya tano ikipita bila nafuu yoyote, mimi ningeacha kulipa.

*Baba ana sukari, itamponya?*
Hasha. Asiache dawa. Na kama nyayo zina ganzi, amwambie tabibu asichome hapo: hatahisi jeraha, na vidonda vya sukari havifungi upesi.