Ukitaka kuanzisha ngoma mtaani kwako

Usianze na sare. Sisi hapa Mbagala, Dar es Salaam, tulianza na sare, vitenge kumi na viwili vya rangi moja, na waliokosa hela ya kitenge wakabaki majumbani kwao. Mwaka mzima tukacheza wale wale kumi na wawili, ndani ya ua wa mwenzetu, geti limefungwa. Siku tuliyotoka nje ndipo tulipopata kikundi.

Anza na uwanja. Tafuta mahali wanapopita watu: chini ya mwembe, kando ya genge, karibu na kijiwe cha bodaboda. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha umwone jirani anayepakana na uwanja, hasa kama ana mgonjwa au mtoto mchanga. Sisi tunacheza Jumamosi kuanzia saa kumi alasiri, na adhana ya Magharibi inatukuta tumeshaweka ngoma chini.

Ngoma ya kwanza iwe ile ambayo mpita njia anaingia bila kufundishwa. Kwetu ni mdundiko wa Wazaramo. Mdundiko hausimami mahali pamoja. Wapigaji wanatembea, watu wanafuata, na kila kona wanaongezeka. Nikiwa na miaka saba niliufuata mpaka nikapotea, nikarudishwa usiku na mama muuza maandazi. Mpaka leo nikiusikia miguu haitulii.

Kisha waendee wazee, uwaulize kwao walicheza nini. Hapa ndipo penye utajiri, wala msiwe na haraka. Mtaani kwetu kuna bibi wa Newala ambaye kwa miezi miwili alikaa barazani akitutazama tukiiharibu sindimba, ngoma ya Wamakonde. Nikamfuata. "Shikamoo bibi. Tunakosea wapi?" Akainuka, akajifunga khanga kiunoni. "Marahaba mwanangu. Mbona mnakimbia? Ngoma bado haijawaita." Tangu siku hiyo ndiye mwalimu wetu. Baadaye babu mmoja wa Magu akatuletea bugobogobo, ngoma ya Wasukuma iliyotoka shambani, tukazunguka nyumba kwa nyumba kuazima majembe. Siku hiyo vijana wa bodaboda, waliokuwa wakiona haya kuingia, waliingia wote, maana kulirusha jembe na kulidaka bila kupoteza mdundo kunataka mtu mwenye mikono yake. Mkinga mmoja mwenye duka alitoa jembe jipya kabisa, halafu akabaki kucheza.

Lakini si kila kitu ni cha uwanjani. Mafunzo ya jando na unyago yana wenyewe, na mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yana siri yake: aliyevaa kinyago hatajwi. Bibi akisema "hii haichezwi hapa", usimbembeleze, na simu yako iweke mfukoni. Mzee akiona siri yake imelindwa, atakufundisha mengine kwa moyo mweupe.

Kwenye hela, hapo msifichane hata shilingi. Tuliwahi kualikwa kwenye harusi, watu wawili tu wakajua tumelipwa kiasi gani, na nusu ya kikundi ikaacha kuja. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili. Hatukuiba, ila tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulitosha kuwaumiza wenzetu. Sasa malipo yanahesabiwa mbele ya wote kabla jasho halijakauka, na daftari linasomwa kila Jumamosi hata kama iliyoingia ni elfu nne. Mkianza kualikwa na watu wa mbali, jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

La mwisho ni ngozi. Wakati wa masika ngozi inanyonya unyevu na ngoma inatoa sauti ya debe lililolowa. Kokeni moto mdogo wa makuti makavu, muisogeze ngoma kwa mbali huku mkiizungusha na kuigonga kwa vidole mpaka ilie kwa ukali. Chapuo, ile ngoma ndogo, inawahi kukaza; msondo, ile ndefu, unachukua muda zaidi. Msiiegemeze karibu na moto, itapasuka, na ngozi nyingine ni gharama. Kazi ya kuokota makuti wapeni watoto. Kwetu wanafika saa tisa, wameshayafunga mafungu, na mama zao huja nyuma yao kuwatafuta.