Kaa na mstari mmoja tu

Ukitaka kuanza kutafakari kimya, usianze kwa kujaribu kuondoa mawazo kichwani. Hayaondoki kwa amri, na ukiyafukuza ndiyo kwanza yanazidi. Ipe akili kitu kimoja cha kukaa nacho: mstari wa sala, aya, au hata swali linalokukosesha usingizi.

Mtawa Guigo II, aliyeishi Ufaransa katika karne ya 12, aliipanga njia hii kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kukaa mbele za Mungu bila maneno. Hata asiyesali ana cha kuchota hapo, hasa kwenye ule mpangilio. Kimya kinakuja mwisho, akili ikishapewa kazi.

Kwa hiyo soma mstari wako polepole, kwa sauti ya chini, mara mbili tatu. Kuna neno litakalokugusa kuliko mengine. Baki nalo. Usilichambue, lirudie taratibu huku ukipumua kama kawaida. Mawazo yakikuchukua hadi kwenye madeni au ugomvi wa jana, na yatakuchukua, rudi kwenye neno lile bila kujilaumu. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Natamani kila anayeanza aambiwe hivyo mapema, maana wengi huacha wakidhani wameshindwa.

Dakika 10 zinatosha. Simu iache chumba kingine. Kuizima sauti hakusaidii, mkono utaitafuta tu. Ukimaliza usiinuke ghafla, kaa kidogo macho wazi kabla ya kuongea na mtu.